Ukisikia Baridi Dar es Salaam Mwezi wa Januari, Pima Thairoidi

Januari moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nikijifunika mablanketi mawili jijini Dar es Salaam huku wenzangu nyumbani wakigombania feni. Ngozi ilinikauka, choo kikawa kigumu, sauti ikawa nzito, na uzito ukaongezeka ilhali hamu ya kula ilikuwa imepungua. Nilitibiwa malaria mara mbili, kisha nikapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nipumzike. Nilipumzika, na hali ikazidi kuwa mbaya, hadi daktari mmoja aliponipapasa shingo, akahesabu mapigo ya moyo yaliyokuwa ya polepole mno, akaagiza kipimo cha TSH, homoni inayoihimiza tezi ya thairoidi kufanya kazi.

Majibu yalionesha TSH iko juu sana, nami nikaamini kwamba nina homoni nyingi kupita kiasi. Ukweli ulikuwa kinyume chake. TSH haitoki katika thairoidi iliyoko shingoni, bali katika pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, ambayo huitumia kuihimiza thairoidi kutengeneza T4 na T3, homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia nishati na kuzalisha joto. Homoni hizo zikitosha katika damu, pituitari hupunguza msukumo; zikipungua, huuongeza, mfano wa mgeni anayezidi kupaza sauti ya hodi kwa sababu ndani hakuna anayeitikia. Kwa hiyo usiondoke na karatasi yenye TSH peke yake. Uliza pia T4 yako imesomeka ngapi, na uombe uelezwe namba hizo mbili kwa pamoja.

Nilianzishiwa levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, nikawa naimeza kwa chai ya maziwa pamoja na vile vidonge vya damu. Baada ya wiki 6 TSH ilikuwa karibu palepale, na nililia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba madini ya chuma yaliyomo katika vidonge hivyo na kalsiamu iliyomo katika maziwa huizuia dawa hii kufyonzwa tumboni. Imeze asubuhi kwa maji matupu, ngoja nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya damu uviweke mbali nayo kwa saa 4. Usiiache kwa kuwa umejisikia nafuu: T4 huchukua takriban siku 7 kupungua nusu katika damu, hivyo anayeacha hujiona mzima kwa siku kadhaa, kisha huanguka.

Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, aliniletea unga wa mwani kutoka Zanzibar ili niongeze madini joto (ayodini), ambayo thairoidi huyatumia kutengeneza homoni zake. Madini hayo ni ya lazima, kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na chumvi iliyotiwa madini joto huyatoa. Lakini tezi yangu ilikuwa ikishambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, na katika hali hiyo madini joto yakizidi huweza kuidhoofisha zaidi. Nilimshukuru, nikauweka kando.

Kwa dada anayetumia dawa hii, nasisitiza jambo moja: ukigundua una mimba, nenda kwa daktari wako wiki hiyohiyo, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.