Usimsubiri mwenzako kileleni

Ujumbe wa msomaji mmoja ndio uliotuketisha wiki hii. Yeye na shemeji yake wamejiandikisha Cape Epic, yale mashindano ya baiskeli za milimani ya Afrika Kusini, na swali lake ni moja: "Mimi napanda mlima haraka kuliko shemeji. Nimsubiri wapi?" Usimsubiri popote. Ukijikuta unamsubiri, ujue kosa lilishatendeka kilomita kadhaa nyuma, na aliyelitenda ni wewe uliye mbele.

Kwa asiyeyajua, mashindano haya yalianza 2004 katika jimbo la Western Cape na kwa kawaida hufanyika Machi, jua likiwa bado kali. Ni siku nane: ya kwanza fupi, ya kufungulia, kisha hatua saba. Jumla ni kilomita 600 hadi 700, na milima mkiijumlisha mnapanda kama mita 15,000. Mnashindana wawili wawili, na kanuni inayobeba yote ni kwamba wenzi wasiachane zaidi ya dakika mbili. Mkizidi, mnaongezewa muda wa adhabu, na mkirudia mnaweza kuondolewa kabisa. Mmoja akijitoa, aliyebaki anaruhusiwa kuendelea lakini timu haipo tena kwenye matokeo. Kwa hiyo kasi ya timu yenu ni kasi ya aliye nyuma, basi. Wati zako za ziada, yaani zile nguvu za miguu zinazozidi za mwenzako, hazina pa kuandikwa.

Sasa tazama kinachotokea mtu anaposubiri. Mwenye nguvu anafika kileleni, anashuka, anakunywa maji, anakula ndizi, anapiga soga. Mapigo ya moyo yanarudi 110 kwa dakika. Dakika nne baadaye mwenzake anatokea, chumvi imemganda mashavuni, mapigo 175, na hata hajaweka mguu chini anasikia: "Haya, twende!" Nani kapumzika hapo? Rudia hivyo milima mitano kwa siku. Ikifika siku ya nne una mtu ambaye hajapumzika hata mara moja, na kando yake mwingine anayejiuliza mbona shemeji kanuna. Timu nyingi tulizoziona zikivunjika zilivunjikia hapo, hata kama watu wakirudi nyumbani husingizia tumbo au goti.

Dawa yake ni kupima kabla ya kwenda. Kila mmoja apashe misuli moto, kisha apande mlima dakika 20 kwa nguvu zote, achukue wastani wa wati na kuuzidisha kwa 0.95, apate makadirio ya nguvu anazoweza kuhimili kwa muda mrefu. Tuseme baada ya kuzidisha mmoja kapata 280 na mwingine 230. Siku tatu za mwanzo, milima mirefu ipandwe kwa asilimia 75 hadi 80 ya huyu wa 230, yaani wati 173 hadi 184. Huyu wa 280 ataona kama anatembea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama hamna kipimo cha wati, tumieni mdomo: aliye dhaifu aweze kusema sentensi nzima. Akiikata katikati ili avute pumzi, mmezidisha.

Njia ikiwa nyembamba na inapanda, aliye dhaifu akae mbele. Nyuma atakuwa anafukuza gurudumu, na kila mwenzake akijisahau kidogo yeye analipa. Kwenye tambarare yenye upepo mambo yanageuka: mwenye nguvu mbele, mwingine amgande nyuma, nusu mita hivi, apate kivuli cha upepo. Kwenye mteremko mbele akae anayejua kushuka, awe yeyote kati yenu, kwa sababu wa nyuma anaisoma njia kwenye magurudumu yake. Hapo achaneni mita kumi au zaidi. Vumbi la kule ni zito, na jiwe unaliona likiwa limeshafika chini ya tairi.

Mizigo nayo ihame. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, kilo mbili ni asilimia 2.5, na kwenye mlima wa saa moja hiyo ni kama dakika moja na nusu. Mwondolee dhaifu kilo mbili, mpe mwenye nguvu, na pengo la dakika sita linashuka hadi kama tatu bila mtu kufanya mazoezi hata siku moja. Dhaifu abebe chupa zake, koti lake na chakula cha saa mbili. Tyubu, pampu, funguo, cheni na vipuri vyote viende kwa mwenzake.

Lipo na la kusukuma. Kwenye barabara pana inayopanda taratibu, mkono mmoja ukiwekwa chini ya mgongo wa mwenzako, juu kidogo ya tandiko, unamsaidia sana. Mkono ukae pale pale na nguvu iwe ileile, kwani kumkumba kwa vishindo kunamyumbisha. Anayesukumwa aendelee kupiga pedeli akiwa ameketi, na kabla ya kuachia useme "naachia". Fanyeni mazoezi nyumbani, maana mara ya kwanza wengi huangushana. Kuhusu kamba za kuvutana, someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kununua. Na mkubaliane mapema kama kusukumwa ni ruksa. Wapo wanaoona ni aibu, hasa mume anaposukumwa na mkewe. Aibu hiyo iachwe uwanja wa ndege.

Tuje kwenye swali ambalo watu huulizana njia nzima: "Uko sawa?" Hilo lifuteni. Sisi tumelelewa kwenye "hujambo, sijambo". Mtu nyumba inaungua nyuma yake bado atakujibu "nzuri" kwanza, kisha ndiyo aseme "ila". Mlimani ile "ila" huja saa moja baadaye, mwenzako akiwa amekaa kwenye jiwe anatetemeka. Ulizeni namba. Moja ni matembezi ya jioni, kumi ni kuzimia. Kila dakika 20 mwenye nguvu aulize "ngapi?" na mwenzake ajibu namba tupu. Sita, mnaendelea. Saba mara mbili mfululizo, mnapunguza na anakula hapohapo. Asipojibu kabisa, au akijibu kwa hasira, hesabuni ni tisa.

Chakula: gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, njaa ipo haipo. Hakuna uchawi humo. Chupa ya mililita 750 yenye vijiko vitano vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu iliyokamuliwa inakupa kama gramu 60. Ongeza ndizi moja ya wastani, umefika 85. Tumbo nalo hufundishwa: anza na gramu 45 kwa saa miezi mitatu kabla, upandishe taratibu, la sivyo siku ya pili utatapika sukari yote. Mtu akichoka sana vidole huwa vizito, na pakiti isiyofunguka anairudisha mfukoni. Kwa hiyo mwenye nguvu amenye ndizi, ampe ikiwa tayari. Ni kitu kidogo lakini kimeokoa siku nyingi.

Baiskeli zenu, ndugu zetu, ziwe pacha. Hapa ndipo watu hutupa fedha: mmoja ananunua anayoipenda yeye, mwingine yake, kisha kila mmoja anabeba duka zima la vipuri. Ekseli ziwe za kipimo kimoja, gia 12 za mtindo mmoja, kaseti (lile rundo la gia za nyuma) inayoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ileile, pedi za breki za umbo moja, na kile kipande cha aluminiamu kinachoshika deraila ya nyuma, yaani kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia, kiwe kilekile. Hapo kipuri kimoja kinawatosha wawili. Na kanuni zikiruhusu, mwenye nguvu anaweza hata kumpa mwenzake gurudumu lake, naye akabaki kushughulika na lililoharibika. Lakini lijaribuni nyumbani. Habu mbili tofauti hupishana kwa sehemu ya milimita na diski ya breki inaanza kulia kwenye pedi.

Kile kipande cha aluminiamu kinapinda baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Kosa linalofuata ni kunyanyuka na kuingiza gia nyepesi kuliko zote: deraila iliyopinda inaingia kwenye spoku, na hapo mmepoteza deraila, spoku na pengine siku nzima. Baada ya kila kuanguka simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, angalia kama deraila imenyooka na cheni. Sekunde tano tu.

Tairi zina mengi zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya tyublesi (isiyo na tyubu ndani) yenye upana wa inchi 2.35, psi (kipimo cha upepo) 20 hadi 22 mbele na 22 hadi 24 nyuma ni pa kuanzia. Wanaojaza 30 kwa kuogopa pancha huteleza kwenye kokoto na kuumia mikono. Ndani weka mililita 100 hadi 120 za dawa ya kuziba pancha, na katikati ya wiki ongeza, kwa kuwa joto huikausha.

Ukisikia mlio wa upepo na kuona maji meupe yakiruka, simama ukiwa umeligeuza gurudumu tundu liwe chini, dawa ilifikie. Hesabu hadi thelathini. Ikishindikana, chomeka utambi wa mpira kama wanavyofanya mafundi wa tairi za magari, usiuingize wote, ubaki mkia nje. Kisha geuza vali ije juu ndipo ujaze gesi, kwa sababu baridi ya ile gesi inaweza kuigandisha dawa ikiwa mabonge. Kichupa cha gesi cha gramu 16 kwenye tairi ya gurudumu la inchi 29 hakitoshi vizuri. Beba za gramu 25, na pampu ndogo juu yake, maana chupa zinaisha na pampu haiishi.

Tairi ikichanika ubavuni ndiyo unafikia tyubu. Kabla ya kuiweka, pitisha vidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima. Miba ya Western Cape imo humo, pengine kumi, na ulikuwa huijui kwa sababu dawa ilishaiziba yote. Ukisahau mmoja, tyubu mpya inatoboka kabla hujapanda. Ing'oe kwa koleo. Pale palipochanika tanguliza kipande cha tyubu ya dawa ya meno kilichokatwa na kuoshwa, kigumu na chepesi, kizuie tyubu isichomoze. Na kazi igawanywe: mmoja anashika gurudumu, mwingine anatoa vifaa kwa mpangilio na kumlisha. Wawili wakiinama juu ya pancha moja wanagombana tu.

Jioni, cheni isafishwe na kupimwa. Ikifika asilimia 0.5 ya kuvutika, badilisha, kabla haijaila kaseti. Mvua ikinyesha pedi za oganiki zinaweza kuisha kwa siku moja ya tope la mchanga, kwa hiyo za metali ziwemo mfukoni.

Mwili una maadui wawili: makalio na tumbo. Kaptura ya mazoezi ivuliwe dakika chache baada ya kufika, usikae nayo ukisimulia mbio. Osha kwa sabuni, kausha kabisa, kesho vaa safi, bila chupi ndani, na mafuta ya kuzuia msuguano. Kaptura nne ni chache, sita ndiyo amani. Kwa tumbo, njia hupita mashamba yenye mifugo na kinyesi huruka hadi kwenye mdomo wa chupa. Tafuteni chupa zenye kifuniko juu ya kinyonyeo, na mnawe mikono kila mnapoingia kula. Mmoja akiharisha usiku, mwingine ni suala la saa tu, mnalala hema moja.

Christoph Sauser, mwendesha baiskeli wa Uswisi, ameshinda Cape Epic mara tano akiwa na wenzi watatu tofauti: Silvio Bundi 2006, Burry Stander wa Afrika Kusini 2011 na 2012, kisha Jaroslav Kulhavý 2013 na 2015. Miguu alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini wenye miguu walikuwa wengi kwenye mistari ile ya kuanzia, na wengi wao hata mwenzi wa pili hawakumpata, maana wa kwanza aliondoka akiwa hazungumzi nao.

Kwa hiyo, ndugu yetu uliyetuandikia: Jumamosi tafuteni mlima wa saa moja. Vifaa vyote vya shemeji hamishia kwako. Yeye atangulie, wewe kaa nyuma gurudumu moja, na usimpite hata pale njia inapopanuka. Kila dakika 20 muulize "ngapi?", uziandike zile namba. Mkifika juu kwa pamoja, tutumieni muda wenu, namba zake tatu, na wastani wa mapigo yako wewe.