Mnana wa mnazi wetu wamekwenda wapi?

SWALI: Nilipokuwa mdogo, mnazi wetu wa uani ulijaa viota vya mnana kila masika. Siku hizi ni kunguru tu, na juzi wamenyakua vifaranga wangu wawili. Jirani ananishauri nitie sumu ya panya kwenye matumbo ya samaki niwamalize. Nifanye hivyo? – Mama wa Kisauni

JIBU: Usitie, mwanangu. Sumu ya panya haichagui. Paka ataila, na kuku wako wataidonoa.

Kunguru huyo mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji, na hapa Mombasa alionekana mwaka 1947. Wazee wetu walimjua mwingine, mwenye kifua cheupe. Huyo sasa ni nadra kisiwani, mgeni amemsukuma nje.

Yaliyowapata mnana nimeyaona kwa macho yangu nikiwa barazani. Mnana dume hufuma kiota kwenye ncha ya kuti, mlango ukitazama chini, nyoka asiufikie. Kunguru hana haja ya mlango. Alijining'iniza, akachana ubavu wa kiota, akatoa kinda mmoja mmoja, na mama mtu analia juu ya waya wa stima. Viota saba viliisha kwa siku tatu. Mpaka leo linaniuma.

Lakini anayemlisha kunguru mwaka mzima ni sisi. Pasipo watu hakai. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, kwa sumu maalumu inayotegwa na wataalamu. Naunga mkono. Ila sumu iliwahi kutumika pwani yetu, wakapungua. Kazi iliposimama wakajaa tena, maana majaa yalikuwa wazi vilevile.

Kwa hiyo anza na hayo matumbo ya samaki: yafukie. Pipa la taka liwe na kifuniko kizito, chepesi hukifunua. Vifaranga wafunike kwa tenga mpaka wakomae. Kiota cha kunguru utakijua kwa vipande vya waya vilivyosukwa na vijiti. Mpe mkwezi akitoe kabla mayai hayajaanguliwa, naye ajifunge kitambaa kichwani, kwani watamshukia. Na makuti mabichi ya mnazi huo usiyakate. Mnana akirudi, atayatafuta hayo kwanza.