Re: Mtoto anawashwa na kipimo cha sukari cha kubandika

Pole mama. Umesema mwanao anawashwa na kile kifaa kidogo cha kubandika mkononi kinachopima sukari mwilini: vipimo vinne vya mwanzo havikumsumbua, cha tano kikamletea malengelenge mkononi. Hapo nashuku mzio kuliko jasho au uchafu. Mzio wa gundi huja hivyohivyo, mwili ukishaguswa na kemikali mara kadhaa hadi ukaanza kuikataa. Utazame ule wekundu: ukiwa na umbo la duara la kibandiko, kama umechorwa kwa kizibo cha chupa, na ukabaki siku kadhaa baada ya kukibandua, nenda kwa daktari wa ngozi.

Mwombe kipimo cha mzio cha mgongoni (hubandikwa kemikali kidogokidogo kuona ipi inamdhuru), na umtajie isobonili akrileti, kemikali ya kwenye gundi. Mwaka 2017 madaktari wa Ubelgiji na Sweden waliikuta kwenye kipimo kimoja maarufu cha sukari cha kubandika, na haikuwa tu ile gundi ya ngozini. Ilitoka kwenye gundi iliyounganisha plastiki za kifaa chenyewe, ikavuja taratibu hadi ngozini. Ndiyo maana kukihamishia mkono wa pili hakutamsaidia. Plasta ya haidrokoloidi (ile nene laini ya kufunikia vidonda) chini ya kipimo huwasaidia wengine (mimi ilinisaidia wiki moja tu!), ila muulize daktari kwanza, isije ikavuruga usomaji wa sukari. Mara nyingi dawa ni kubadili aina ya kipimo.

Kwa sasa kibandue polepole kwa mafuta ya nazi, umpime kwa kutoboa kidole, usiache kupima hata siku moja. Krimu ya steroidi (ya kutuliza uvimbe na muwasho) apake akiandikiwa na daktari, tena mahali hapo pasipo na kibandiko. Usaha au homa ikitokea, hospitali siku hiyohiyo.