Ukoka baadaye, udongo kwanza

Juzi nilipita saiti moja Kigamboni nikakuta vijana wawili wanamwaga udongo mweusi juu ya kifusi, na mapande ya ukoka yameshashushwa yanaungua jua. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili la kuandaa udongo kabla ya kuleta ukoka tumeshalisema mara ngapi?

1. Kifusi kitoke chote. Saruji iliyomwagika huuzuia ukoka kupata madini ya chuma, majani yakapauka njano, nanyi mkakimbilia mbolea ya yurea.

2. Lima sentimita 15 hadi 20, changanya samadi iliyoiva. Mchanga wetu wa Dar haukai na maji bila samadi. Mbichi inaunguza mizizi, tena inakuja na mbegu za magugu.

3. Udongo wa kuletwa ukaguliwe. Hapa niliumia.

Ilikuwa kazi yangu ya tatu. Nilinunua lori mbili za udongo kutoka bondeni, mweusi, laini, unavutia. Nilishika konzi moja juu ya lori, nikanusa, nikalipa. Tukasawazisha kwa reki, tukapanda. Siku ya kumi mama mwenye nyumba akapiga simu: "Mwanangu, mbona ukoka wako umeota miiba?" Ndago, magugu yanayofanana na nyasi, yenye viazi vidogo chini tunavyoviita njugu. Zimetoboa kama sindano, zimeshaupita ukoka kwa urefu.

Tukang'oa kwa mkono, majani yakaja, njugu zikabaki chini. Nikaagiza majembe, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Njugu za ndago zimeungana chini kwa nyuzi nyembamba, na nyingi huwa zimelala. Ukikata uzi, zilizolala zinaamka. Kila pigo la jembe tulikuwa tunapanda upya. Baada ya miezi miwili tukazoa udongo wote kwa toroli, kwa pesa yangu, pamoja na ukoka uliokwisha kushika. Yule mama hakunigombeza. Alituletea chai na maandazi, akakaa barazani akitutazama tunabomoa bustani yake. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo panda juu ya lori, chimbua sehemu tano, hadi chini. Ukiona kipunje cheusi cha ukubwa wa kunde, kivunje kwa ukucha. Kikiwa cheupe ndani na kina harufu kali, lori lirudi lilikotoka, hata dereva akinuna.

4. Ukishasawazisha, mwagilia kisha subiri wiki mbili au tatu. Magugu yaote, yaue, ndipo upande. Mteja atawaka, mweleze mapema, kabla hamjapatana bei.

5. Mteremko uende mbali na ukuta, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Masika yakifika mtaelewa.

6. Ukoka uagizwe udongo ukiwa tayari. Wale vijana wa Kigamboni niliwasaidia kuusogeza chini ya mwembe, tukaulowesha, tukaufunika magunia. Saa tisa tukaanza kuzoa kifusi.