Kuaga kwa Kireno bila kumkatiza mtu

Ndugu, umeuliza useme nini ukitaka kutoka kwenye maongezi huko Maputo bila kuonekana umemkatiza mtu. Anza na "bom" au "pronto", ndiyo "haya basi" yao; mwenzako atajua unaaga. Kisha "tenho de ir andando", yaani inabidi nianze kusogea. "Vou embora" (naondoka) kavukavu inasikika kama umegeuza mgongo. Ukiinuka mezani wenzako bado wanakula, "com licença", yaani kwa ruhusa yenu, inatosha. Mimi nilichelewa kushika "estamos juntos": Wamsumbiji huagana nayo, tuko pamoja, hata kama hamtaonana mwezi mzima! "Até já" (tuonane punde) itumie tu ukiwa unarudi baada ya dakika chache, la sivyo watakusubiri.