Nani apewe jalada: ushauri kwa ofisi za uwakili Tanga

Ofisi ya uwakili ikiulizwa kuhusu mchanganyiko wa watumishi wake, mara nyingi hujibu kwa kuhesabu vichwa: wanawake wangapi, Waislamu wangapi, Wakristo wangapi, nani katoka Lushoto na nani kazaliwa Ngamiani. Hesabu hiyo haielezi kwa nini watu wanaondoka. Kinachowaondoa ni majalada, yaani kesi wanazopewa kushughulikia. Wakili mwenye miaka mitatu kazini ambaye bado anatumwa mahakamani kuchukua tarehe ya kesi tu, atahama.

Kwa hiyo anzeni na daftari la majalada. Chora safu tano: namba ya shauri, mahakama, thamani ya madai, aliyeandaa nyaraka, na aliyesimama mbele ya hakimu au jaji. Jazeni mashauri ya miezi sita iliyopita, kisha yapangeni kwa thamani, kubwa juu. Picha inayojitokeza sana ni hii: mizigo ya bandari, mikopo ya benki na migogoro ya mashamba ya mkonge iko kwa watu wawili, mirathi na talaka zimelundikwa kwa mawakili wanawake, na vijana wana safu tupu pale kwenye kusimama. Mara nyingi hakuna aliyekusudia. Mbia, mmoja wa wenye ofisi, hupigiwa simu na mteja mkubwa jioni, naye humkabidhi jalada yule aliye karibu naye, anayesali naye au aliyesoma naye.

Dawa yake ni kikao cha Jumatatu asubuhi, dakika ishirini, ambapo kila jalada jipya linagawiwa mbele ya wote. Jalada kubwa libebe majina mawili, na huyo wa pili apewe kipande chake hasa: asimamie maombi madogo, au amhoji shahidi mmoja. Jina lake liandikwe kwenye barua ya makubaliano ya ada tangu siku ya kwanza. Wakili kijana anayetambulishwa kwa mteja mlangoni mwa Mahakama Kuu asubuhi ya shauri atakataliwa, na mteja ana haki, kwa kuwa hamjui.

Kwenye kuajiri, kosa kubwa ni nafasi kupita kwenye simu za ndugu na marafiki. Tangazo libandikwe Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na pia Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ambacho kiko mkoani mwetu na kinatoa vijana wa stashahada wanaofaa sana kazi za ukarani na utafiti. Kwenye usaili, wape waombaji wote jalada lile lile na saa mbili. Waandike hati ya madai, na barua ya ukurasa mmoja kwa mteja asiyejua sheria. Karani aondoe majina na kuweka namba kabla ya kusahihisha. Majina yetu yanasema mengi mno: dini, kabila, pengine hata wilaya.

Barua hiyo iwe ya Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini usaili mwingi bado ni mashindano ya kuongea Kiingereza, na hapo anashinda aliyesomeshwa kwa ada kubwa. Kiingereza kinahitajika bado, kwa mikataba na kwa hukumu za nyuma. Kipimeni kwa kumpa hukumu aisome na kuifupisha.

Halafu kuna wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kijana wa Kilindi au Pangani hawezi kupanga chumba mjini miezi kadhaa bila senti. Kama hamwezi kuwalipa wanne, chukueni wawili na muwape nauli, chakula na kodi. Mafunzo ya bure huwaachia nafasi wale wenye wazazi mjini, na wabia wakija kutafuta wa kuajiri, wanawaona hao hao.

Sheria yenyewe iko wazi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Ofisi inayowashauri wengine juu ya sheria hii iwe na mpango wake kabatini. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku hizo kwa kawaida hutolewa. Kinachoibwa ni mashauri: anarudi na kukuta wateja wake wote wamehamia kwa mwenzake. Kabla hajaondoka, andikeni orodha ya kila jalada, anayelishikilia kwa muda, na tarehe ya kulirudisha. Wateja wapewe nakala.

Uongozi katika jamii, yaani ofisi kwenda vijijini kufundisha sheria, nao una utaratibu wake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na wengi wao hawajawahi kupewa mafunzo. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wananchi bado wanafika na karatasi ya kata wakidhani ni hukumu. Somo la nusu siku juu ya jambo hilo moja lina faida kuliko semina ya siku tatu juu ya Katiba nzima.

Barua iende kwa mtendaji wa kijiji wiki mbili kabla. Epukeni Ijumaa mchana na siku ya gulio. Tumeni watu wawili, mmoja mwanamke, na pawe na chumba au kivuli cha pembeni cha kuzungumzia faragha. Mjane wa Mkinga hatasimama mbele ya shemeji zake aseme nani kaficha karatasi za shamba. Washirikisheni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wanaijua kila nyumba, ingawa hawaruhusiwi kutoza ada wala kumwakilisha mtu mahakamani.

Msigawe kadi za ofisi. Kanuni za maadili ya mawakili zinakataza kusaka wateja, na kijiji kikishahisi mmefuata biashara, hamtaaminiwa tena. Mwenye shida aandikwe kwenye daftari la msaada wa bure au aelekezwe kwa mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa.

Saa za kijijini zihesabiwe sawa na saa zinazolipiwa na mteja, tuseme hadi 40 kwa mwaka kwa kila wakili, wabia wakiwemo. Bila hivyo, anayejitolea huonekana mvivu mwisho wa mwaka, na mwaka unaofuata gari linaenda na mwanafunzi wa mafunzo peke yake. Saa hizo ziingizwe kwenye lile lile daftari la majalada, kwa safu ya sita.