Goma nitakwenda, ila swali lenu lina kasoro

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Rafiki yako anaishi chini ya volkano hai na amekualika kwake. Utakwenda?" Nimelisoma zaidi ya mara moja na bado linanichoma. Mmemuuliza mgeni kama anaogopa. Mwenyeji hamkumuuliza kitu.

Nina rafiki Goma, mashariki mwa Kongo. Tulisoma pamoja Kampala, akaja kunisimamia kwenye harusi yangu hapa Bukoba, na tangu hapo kwao ni kwetu. Nikitaja tu kwamba nafunga safari ya huko, sikosi mtu wa kuniuliza, "Hivi hao watu kwa nini hawahami?" Ananiuliza jirani, waliniuliza kazini, hata shemeji yangu ambaye ni mtu aliyesoma. Naona hilo ndilo swali lililojificha nyuma ya la kwenu, kwa hiyo nitajibu hilo.

Mlima wenyewe mnaujua. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 na hauko hata kilomita 20 kutoka Goma. Kileleni kuna shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na kwa miaka mingi ndani yake limekuwamo ziwa la lava linalochemka. Usiku ukiwa na mawingu, unaona wekundu wake ukiwa umekaa barazani. Ubaya wa mlima huu ni kwamba hausubiri ujae ndipo umwage kwa juu. Ubavu unapasuka na ziwa lote linatokea chini, tena lava yake ni nyepesi kuliko za volkano nyingi, inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lile lilimwagika likaisha kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka hadi karibu na mji, lava ikapanda juu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba.

Nyumba ya mama yake rafiki yangu, upande wa Birere, ilikuwa mojawapo ya zilizofunikwa. Na sasa niwasimulie habari ya choo.

Niliwakuta katika ujenzi. Nyumba mpya, ya mbao kama zilivyo nyingi mtaani kwao, ilikuwa imesimama siku nyingi juu ya lava ileile, palepale kwenye kiwanja chao. Walichokuwa wakifanya ni kuchimba choo kipya. Kwetu kuchimba choo ni jembe, sururu na vijana wawili wenye nguvu. Goma ni mtaimbo, nyundo na tindo, maana kabla ya kufika kwenye udongo unatoboa jiwe. Pale kwao unene wake ulizidi kimo cha mtu. Jiwe lenyewe ni jeusi, limejaa vitundu vidogo, na kingo zake zinakata. Wale vijana walikuwa wamejifunga viganja kwa vipande vya shuka. Kila nyundo ikitua kinaruka kipande cha ukubwa wa ngumi. Vipande havitupwi. Vilirundikwa kando ya ukuta kungoja chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ije ivibebe, kwa sababu uzio wa nusu ya mji umejengwa kwa mawe hayohayo.

Mmoja wa wachimbaji alikuwa mwenyeji wa Mugunga. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka shimoni, aliteremsha mshumaa unaowaka kwa kamba na kuutazama. Kwao Mugunga kuna mazuku, hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, haina rangi, na imekwisha kuua mbuzi na watu. Wenzake walimwambia Birere hakuna mazuku. Aliendelea kuteremsha mshumaa wake.

Lakini kabla ya nyundo ya kwanza kulikuwa na ugomvi, na ugomvi huo ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Kaka yake rafiki yangu alitaka shimo liwe kwenye kona ya nyuma, mbali na madirisha. Mama akakataa. "Pale ni jiko yangu," alisema. Kijana akamwambia hakuna jiko pale, pale ni jiwe. Mama hakubishana. Alishika kitenge chake, akaanza kutembea juu ya lile jiwe tupu na kutuonyesha. Hapa kulikuwa mlango. Hapa baraza, hapa chumba cha wavulana. Hapa mti wa parachichi. Hapa, hatua chache kutoka kwenye mti, mafiga matatu ya jiko lake. Alikuwa na hakika, na nilijua kwa nini. Mwaka 2002, waliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, jiwe lilikuwa bado linatoa mvuke na viatu vilikuwa vinalainika. Majirani walikutana wakapima viwanja upya kwa kamba, wakianzia kwenye nyumba moja ya pembeni ambayo lava ilikuwa imeizamisha hadi madirishani tu. Yeye alikuwapo. Ramani ya mtaa ule uliozikwa anayo kichwani.

Basi wakanigeukia mimi mgeni. Kaka mtu akasema, dada, wewe uamue, wewe ndiye utakayepita karibu na hiki choo tukikiweka mlangoni. Nikasema jiko la mama liheshimiwe, mimi nitapita. Choo kikachimbwa karibu na lango.

Siku walipotoboa, yule wa Mugunga alirusha juu donge la udongo. Lilikuwa jekundu, limeokwa likakauka hadi likalia kama tofali. Sote tukasogea. Rafiki yangu alinishika mkono; nadhani alitegemea mama yake atalia, nami nilitegemea hivyohivyo. Mama alilipokea, akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akainama juu ya shimo na kuwaambia vijana, "Mulishafika ku udongo. Sasa bei ishuke." Walianza kubishana bei hapohapo, na bei ilishuka. Jioni hiyo tulikula ugali na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na yeye alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa pesa zake.

Nimeisimulia yote hii kwa sababu sijui njia nyingine ya kumjibu shemeji yangu. Mtu anayejua jiko lake liko mita mbili chini ya mguu wake unamwambia ahame kwa hoja ipi asiyoijua? Nilimuuliza mama huyo, kwa adabu, kama aliwahi kufikiria kwenda kwingine. Wazee wake wanatoka Masisi. Alinitazama akasema, "Volkano inakuyaka, inaenda. Vita inakuyaka, inakaa." Inakuyaka kwao ni huja. Wengi waliojaza Goma hadi ikapita watu milioni moja walikuja kwa sababu hiyo, wakikimbia Masisi, Rutshuru na Walikale. Mpaka wa Gisenyi unawapa biashara, ziwa linawapa samaki, na udongo wa milima ile, ambao ni zawadi ya volkano hizohizo, unawapa maharage na viazi. Wakihama waende wapi? Arusha nayo iko chini ya Meru, ulioamka mara ya mwisho mwaka 1910, na sijasikia mtu akiwaambia Waarusha wafungashe. Hapa kwetu Bukoba tetemeko la 10 Septemba 2016 liliua zaidi ya watu 15 na kuangusha nyumba nyingi. Tulizoa matofali, tukajenga palepale.

Mpaka hapo nilidhani barua yangu imekwisha. Lakini nikiandika Bukoba nimekumbuka simu za mwaka 2021, na siwezi kuzificha kwa kuwa tu zinaniharibia hoja.

Jumamosi ya 22 Mei 2021, jioni, mlima ulipasuka tena bila tahadhari yoyote kutangulia. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, ikateketeza maelfu ya nyumba, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Usiku ule rafiki yangu alikuwa kwenye foleni ya miguu kuelekea mpakani, mtoto mgongoni, mama yake mkononi. Walirudi. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, barabara zikapasuka, na tarehe 27 Mei gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe mara moja, ukiwamo wao. Ilihofiwa kwamba lava iko chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe, na Ziwa Kivu lina hewa ukaa na methani nyingi sana iliyoyeyuka vilindini. Watu kwa mamia ya maelfu waliingia barabarani kwa siku moja. Wao walikwenda Sake. Mama yule niliyemsimulia alilala sakafuni darasani, maji ya shida, kipindupindu kikiogopwa.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia: walete watoto huku. Wakae, wasome huku, hata miaka. Yaani nilimwambia ahame, au walau nusu yake ihame. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na ule mutetemeko yenu?" Sikuwa na jibu. Hata hivyo sikuiondoa ombi langu, na watoto walikuja, wakakaa nasi muda, wakarudi mji ulipotulia.

Kwa hiyo nimebadilika nikiwa naandika. Bado naona ni kukosa adabu mtu aliye mbali kuuliza kwa nini hawahami. Ila rafiki wa kweli, mwenye chumba cha kuwapokea, naona anaruhusiwa kusema njooni, na kulisema tena mwaka ujao, na kukubali kukataliwa. Tofauti ni chumba. Asiye na chumba cha kutoa anyamaze, au aulize swali lingine: mbona mwaka 2021 hapakuwa na king'ora? Mbona watu wote wale walibanwa kwenye barabara mbili na mpaka mmoja? Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kina wataalamu wanaoujua mlima ule, na mwaka uliotangulia mlipuko fedha za wafadhili wake zilikatika. Hapo ndipo hasira za wasomaji wenu zingefaa kitu.

Nanyi mnataka jibu: utakwenda? Ndiyo, na nitalala, na nitakula. Mgeni wa mara ya kwanza nitamshauri hivi: siku ya kuwasili mwombe mwenyeji akuonyeshe njia ya kukimbilia, hataona vibaya, watoto wa Goma wanaijua. Pasipoti lala nayo. Ukiambiwa usikae bondeni alfajiri, usikae. Na wekundu ule wa usiku usiupige picha kabla hujawasalimu wazee.

Wanangu mwenyewe sitawapeleka, angalau bado, ingawa nimekula meza moja na watoto wa rafiki yangu wanaolala kule kila siku, na najua jinsi hilo linavyosikika. Tena kwa sasa hata mimi sijaenda. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege umefungwa, na rafiki yangu mwenyewe ameniambia ningoje. Hakutaja mlima hata kidogo.

Msomaji wenu,
Bukoba